Nywele za Gaju

Ndugu zangu wa kwaya, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza maswali mawili, na kila nikianza kujibu la kwanza mnanikatiza kwa la pili. La kwanza mnaliuliza mkicheka: wewe mtoto wa wafugaji, ambaye hata harufu ya samaki hukuwahi kuikaribisha nyumbani kwako, ulikwenda kufanya nini kwenye mafunzo ya kuvua samaki? La pili mnaliuliza kwa sauti ya chini: kwa nini usinga wa Mzee, baba yangu, haukuwekwa kaburini, wakati miaka yote tulimsikia akisema atazikwa nao? Nawajibu mara moja tu, maana jibu ni lile lile. Habari za fomu, picha na mihuri ya kibali cha kutoka kambini naziacha, mnazijua kuliko mimi.

Kutoka nyumbani hadi Base Camp

Watu wenye nyumba ya wageni kando ya mto, huko Mlima Elgon upande wa mashariki ya Uganda, walitafuta wanafunzi wasiojua kitu. Wangewafundisha wiki moja kuvua samaki anayeitwa trauti, kisha wawili wangebaki kuwa waongozaji wa wageni. Pale Base Camp, ofisi kuu ya kambi yetu ya wakimbizi, karani aliniuliza natoka wapi, nikasema Kivu ya Kusini, akaandika "mvuvi" bila kuinua kichwa. Alidhani Wakongomani wote tumekulia ziwani. Sikumsahihisha. Tangu tufike Nakivale nimelima mahindi kwenye mashamba ya wengine, na nilitaka kazi yenye viatu.

Kwenye karatasi waliandika kila mwanafunzi aje na manyoya ya kuku na nywele za mkia wa ng'ombe. Trauti havuliwi kwa mnyoo. Anavuliwa kwa inzi wa bandia, ambaye mvuvi humfunga mwenyewe kwa uzi juu ya ndoano ndogo kama punje ya mchele. Manyoya nilipata kwa jogoo wa jirani. Nywele ndiyo ilikuwa shida. Ng'ombe wamejaa pale kandokando ya makambi, lakini sisi hatumwombi mtu akate mkia wa ng'ombe wake. Ni kama kumwomba akupe bahati ya zizi lake, na jibu lake ni fimbo.

Mimi mwenyewe sina ng'ombe. Nyumbani kulikuwa na mkia mmoja tu, usinga wa baba, uliokuwa ukining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake. Ulikuwa mkia wa Gaju, ng'ombe wake wa mwisho, aliyeitwa kwa rangi yake, nyekundu ya kahawia. Mnaukumbuka, maana kila Jumapili alikuwa nao mkononi hata wakati wa maombi, na mchungaji alikuwa ameshachoka kumwambia.

Kwetu usinga wa baba hauguswi na mtoto mpaka baba mwenyewe amkabidhi. Ukiuchukua kabla, umemwambia umechoka kumngoja afe. Nililijua hilo vizuri, na baba alikuwa tayari mgonjwa wa kifua. Siku ile mchana, alipolala baada ya uji, nilichukua mkasi wa mke wangu nikakata nywele unene wa njiti ya kiberiti, upande wa ukutani ambako hazionekani. Kwa haraka nilikata nyingi kuliko nilivyokusudia.

Kesho yake nikaenda kumuaga. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa uzee, aliona mwanga tu. Aliushusha usinga, akauweka juu ya bega langu la kulia, kisha la kushoto, polepole sana, kuliko anavyobariki siku zote.

"Enda," aliniambia. "Urudie fasi ulitokea."

Niliangalia miguu yangu. Nilitoka haraka kama mtu anayechelewa, na wala sikuwa nimechelewa.

Kaberebere

Nilipanda lori la ndizi, juu kabisa, pamoja na mbuzi watatu. Tulipofika Kaberebere tairi lilipasuka karibu na kizuizi cha polisi. Dereva akaenda kutafuta jeki, na askari, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, akaanza kufungua mifuko. Wangu ulikuwa na shati, Biblia, kitabu cha nyimbo, manyoya ya jogoo, uzi mwekundu na nywele za Gaju zilizofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Wewe natoka wapi?"

"Nakivale, afande."

"Hii kitu ni ya nini?"

"Ni nywele ya ng'ombe. Ya kukamata samaki."

Akamwita mwenzake. "Banange, kuja sikia huyu mzee. Yeye nakamata samaki na nywele ya ng'ombe."

Mwenzake akaangalia manyoya, akaangalia uzi mwekundu, akatikisa kichwa. "Huyu ni mganga. Hii yote tunachoma."

Watu wakakusanyika. Mama aliyekuwa akiuza parachichi akaniinamia sikioni na kuniuliza kama ninayo dawa ya mume asiyelala nyumbani. Nikamwonyesha Biblia, akasema hiyo ameshajaribu. Mngekuwepo mngecheka mpaka mchana. Mimi sikucheka, kwa sababu pembeni palikuwa na jiko la kuchomea mahindi, na askari alikuwa ameshatupa manyoya ya jogoo ndani yake na sasa alikuwa ameshika kitambaa cheupe. Nilipiga magoti barabarani. Mtu wa umri wangu, mzee wa kanisa, nikamshika askari suruali.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mfugaji wa pale, mwenye kofia pana na fimbo mabegani. Hakumsalimia mtu. Alichukua kitambaa, akakifungua, akazivuta nywele kati ya vidole viwili kama anavyofanya mtu anayejua.

"Ng'ombe hii ilikuwa rangi gani?" akaniuliza.

"Gaju."

"Na ilikufa?"

"Ilikufa, mzee. Zamani."

Akamgeukia askari. "Afande, hii hapana dawa. Hii ni ng'ombe yake. Rudisha."

Askari akarudisha, akaniambia nisirudie, sijui nisirudie nini. Mzee alikuwa ameshaondoka kabla sijamshukuru. Hakuniuliza kwa nini nywele za ng'ombe aliyekufa zinakwenda kuvua samaki, nami nilimshukuru Mungu kwa hilo, maana yeye asingenielewa hata kidogo.

Nyamityobora

Nilifika Mbarara saa tisa alasiri badala ya saa nne asubuhi. Mwenzangu wa safari aliitwa Hassani, anauza vipuri vya baiskeli kwenye mtaa wa Nyamityobora, naye jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanafunzi. Nilikuwa nimeambiwa nifikie kwao. Mama yake, Bi Zuhura, mjane mwenye sauti nzito, alikuwa amenipikia tangu asubuhi. Kwa kuwa aliambiwa anayekuja ni mvuvi, alikaanga ngege wawili wakubwa, akawalaza juu ya pilau, vichwa vikinielekea mimi.

Nilikaa nikiwaangalia wale samaki nao wakiniangalia. Sijawahi kula samaki. Baba yangu hajala, babu yangu hajala. Nilinawa mikono mara mbili. Mwishowe Bi Zuhura akaweka kijiko chini.

"Baba, chakula chetu ni safi," alisema. "Kama ni kwa sababu sisi ni Waislamu, sema tu, kuna hoteli ya wenzako pale juu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliwaambia ukweli wote: kwamba mimi si mvuvi, kwamba kwetu samaki haliwi, kwamba karani aliandika na mimi nikanyamaza, hata mambo ya nywele na manyoya pale Kaberebere. Hassani alicheka akashika ubavu. "Sasa hapo tutaelewana," alisema. "Ukikamata wako, ni wangu."

Bi Zuhura hakucheka. Aliwaondoa ngege, akaniletea maharagwe na kipande cha matoke, akauliza kama ni hivyo nywele zile nimezitoa wapi. Na mimi, ambaye sikuwa nimemwambia hata mke wangu, nikamsimulia mwanamke nisiyemjua. Nilimwambia jinsi tulivyoshuka kutoka milimani wakati wa vita na ng'ombe kumi na mmoja, tukafika bondeni kwenye joto tukiwa na mmoja. Gaju alikuwa hajanywa siku tatu. Mto ulikuwa karibu, tuliusikia, lakini ng'ambo walikuwa wanaume wenye bunduki, na baba alikuwa na wajukuu wawili mgongoni na kifuani. Alituziba midomo sisi wote tusilie, akamzuia Gaju kwa kamba asiende majini. Gaju akalala chini, kichwa ameelekeza kwenye sauti ya maji, na hakuinuka. Baba alikata mkia kwa panga tukaendelea. Miaka yote baadaye akiwa peke yake husema neno moja tu: alikufa anasikia mayi.

"Na wewe umeukata bila yeye kujua," alisema Bi Zuhura.

"Ndiyo, mama."

"Basi ukirudi mwambie. Usingoje ajue kwa mtu."

Kisha akaenda uani, akamkamata jogoo wake, akamng'oa manyoya sita, badala ya yale yaliyochomwa Kaberebere. Akanifungia kwenye kipande cha gazeti.

Kampala na Mbale

Kampala siwezi kuwasimulia, kwa sababu niliyoiona ni kituo kimoja cha mabasi. Basi la Mbale lilisema linaondoka sasa hivi, na hiyo sasa hivi ilichukua saa tano, mpaka kiti cha mwisho kikapata mtu. Tulikula chapati iliyokunjwa na mayai ndani. Hassani aliniambia hakuna samaki ndani yake, akarudia maneno hayo kwa kila tulichokula mpaka tulipofika.

Mbale nikampigia mke wangu simu.

"Baba Neema, muzee hakule tangu juzi," aliniambia. "Anakamata tu usinga yake, anaipitisha mu mukono. Asubuhi mpaka mangaribi. Anauliza uko fasi gani."

"Amesema nini ingine?"

"Hakuna. Anaipitisha tu."

Nilikaa kwenye ngazi ya duka. Nilijua vidole vyake vimefika upande wa ukutani. Hassani akasema kama nataka kurudi, basi la kurudi lile pale, na yeye hatanilaumu. Nataka mjue kwamba nililiangalia lile basi likijaa, likaondoka. Sikupanda. Niliitaka ile kazi. Najua mtanisamehe, maana nyinyi ni watu wema, lakini nililiangalia likiondoka.

Mtoni

Mwalimu wetu aliitwa Chemutai, mwanamke wa mlimani palepale, mwembamba, mwenye buti zinazofika mapajani. Tulikuwa wanafunzi sita. Siku mbili za kwanza hatukuona hata maji. Tulisimama kwenye majani na fimbo ndefu nyembamba isiyo na ndoano, tukirusha kamba hewani.

"Mkono yako ni mshale ya saa," alituambia. "Mbele saa nne. Nyuma saa saba. Usipite saa saba, kamba italala kwa majani."

Wenzangu walipita saa saba, wakajifunga kamba shingoni, Hassani akavua kofia ya mpishi. Mimi mkono wangu ulijua. Ni mwendo ule ule wa kufukuza inzi kwa usinga, nyuma unangoja kidogo, mbele unaachia. Chemutai alisimama nyuma yangu muda mrefu. "Wewe ulifundishwa na nani?" aliuliza. Nikasema nimemwona baba yangu tu. Aliandika kitu kwenye daftari lake, na kwa mara ya kwanza nikaziona zile buti miguuni kwangu.

Jioni tulifunga inzi wetu. Nywele za Gaju zilitosha inzi wawili, na manyoya ya jogoo wa Bi Zuhura yakawa mabawa. Chemutai aliwainua kwenye mwanga, akasema ni wazuri kuliko wa dukani. Nilifurahi, kisha nikakumbuka kule Nakivale kidole kinachopita juu ya pengo, na furaha ikaisha.

Siku ya tatu tuliingia mtoni. Ndugu zangu, maji yale ni baridi. Yanashuka kutoka juu kabisa penye ukungu, yanapita juu ya mawe meusi, na yakikugusa mguu unauma mpaka mfupani. Tangu utotoni sikuwa nimesimama kwenye maji ya namna hiyo. Nilisimama tu. Chemutai alidhani naogopa, akanishika kiwiko.

Nilirusha mara nne. Mara ya tano inzi alitua nyuma ya jiwe, maji yakafunguka, na fimbo ikainama. Sijui kuwaelezea ule uzito. Ni kitu hai kinachokataa. Chemutai akawa anasema, "Mpe kamba, mpe, mpe," na mimi sikumpa. Nilishika kwa nguvu zote, kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake. Uzi ukakatika. Samaki akaenda na inzi mdomoni.

Nilitupa fimbo. Niliingia mpaka kifuani, nikapapasa chini ya mawe, huku na huku, mpaka Hassani na mwalimu wakanitoa kwa kunishika mikono. Nililia mbele ya watu wote. Mwanafunzi mmoja akasema Wakongomani wanapenda samaki sana. Chemutai akanifunika blanketi.

"Mzee, usilie," alisema. "Mto hii iko na samaki mingi. Kesho utapata ingine."

"Si samaki," nilisema. Hassani ndiye alijua, naye akaenda kuiokota fimbo yangu.

Kuanzia hapo sikumlowesha yule inzi wa pili. Nilimweka kwenye Biblia. Chemutai alinipa inzi wake mwenyewe, nikarusha kwa adabu bila moyo, na siku zilizobaki sikupata kitu. Hassani alipata trauti mmoja mwenye madoa mekundu ubavuni, mzuri kweli. Mwalimu akamwambia aloweshe mikono, amtoe ndoano, amrudishe majini, kwa kuwa pale ndiyo sheria.

"Yaani nimetoka Mbarara kuja kumsalimia?" alisema Hassani. Lakini alimrudisha, akakaa akiangalia maji yalipojifunga.

Walipotaja majina ya wawili wanaobaki, la Hassani lilikuwamo. Langu halikuwamo. Chemutai aliniambia mkono wangu ulikuwa wa kwanza kati ya wote, ila mwongozaji aliyekasirikia mto hawezi kupewa wageni. Sikumweleza. Ningeanzia wapi?

Kurudi

Nilirudi peke yangu, siku mbili, na barabarani hakuna aliyenisimamisha. Nilipita kwa Bi Zuhura kumpa salamu za mwanawe, akaniuliza kama nimeshasema, nikajibu ndiyo naenda kusema. Mengine ya njia hiyo sikuyaona.

Mke wangu alikuwa mlangoni. "Iko muzima," alisema kabla sijauliza. "Lakini kidogo tu."

Baba alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Usinga ulikuwa kifuani pake. Nilipiga magoti kando ya kitanda, na maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Mbale yote yakapotea.

"Baba, nilikata usinga yako."

"Najua. Iko nyepesi. Siku nilikubariki, niliisikia."

Kumbe aliniwekea begani polepole vile kwa sababu alikuwa anapima. Alijua, na bado akanibariki. Nilitoa inzi kwenye Biblia, nikavunja ncha ya ndoano, nikamweka kwenye kiganja chake.

"Hii ndiyo imebakia."

Alimpapasa kwa kidole gumba, muda mrefu.

"Na ingine?"

"Samaki alikata uzi, baba. Akaenda nayo. Nilitafuta sana. Sikuipata. Unisamehe."

Alimgeuza yule inzi kiganjani. Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Ile mayi iko namna gani?"

"Iko baridi. Inatoka juu kwa mulima. Inauma miguu."

"Sawa ya kwetu?"

"Sawa ya kwetu, baba."

Akavuta pumzi, na machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona, yakashuka mpaka masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali.

"Basi Gaju amekunywa," alisema.

Siku ile alikula uji, bakuli zima. Jioni akaniita, akaushika mkono wangu, akauweka usinga ndani yake na kuvifunga vidole vyangu kimoja kimoja.

"Yote utaipeleka kwa ile mayi," alisema. "Usinizike nayo. Gaju ataniona nayo, atasema nimemuzuia tena."

Siku tatu baadaye alikufa, mkiwa mnaimba pale nje.

Ndilo jibu langu. Orodha ya pili ya mafunzo imebandikwa Base Camp, nimeisoma mara mbili, jina langu halimo, na bila hilo sipati kibali cha kurudi kwenye mto ule. Usinga uko kwenye msumari ule ule. Juzi niliuchovya kwenye ndoo ya maji ya bomba. Yalikuwa vuguvugu. Nikautoa, nikaukausha juani, nikaurudisha mahali pake.